Uhaba Uliotengenezwa: Wakata Mkonge na Soko la Kazi Tanganyika

Katika taarifa za utawala wa Wajerumani, na baadaye wa Waingereza, kuhusu nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, ni malalamiko machache yaliyorudiwa mara nyingi kama lile la wenye mashamba makubwa kwamba wafanyakazi hawatoshi. Lalamiko hilo lilisikika Pangani katika miaka ya 1890, likasikika Tanga katika miaka ya 1920, likafikishwa hadi London wakati wa Vita Kuu ya Pili, na likadumu karibu mpaka uhuru. Nchi ilikuwa na mamilioni ya watu wenye nguvu za kulima, kuchimba na kubeba, na mashamba yaliyolalamika hayakuhitaji zaidi ya sehemu ndogo ya watu hao kwa wakati mmoja. Kwa hiyo uhaba uliozungumzwa haukuwa uhaba wa watu. Ulikuwa uhaba wa watu waliokubali kazi fulani kwa ujira fulani, na historia ya vyombo vilivyoundwa ili kuuondoa, yaani kodi, kadi, kipande na hatimaye shirika la kuandikisha manamba, ni historia ya juhudi za kulinganisha mahitaji ya waajiri na nguvu kazi ya mikoa ya mbali bila kugusa ujira huo.

Mkonge uliingia Afrika Mashariki mwaka 1893, wakati Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida, kwa kuwa Mexico, nchi ya asili ya mmea huo, haikutaka mbegu zake zitoke nje. Miche iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na ndiyo iliyooteshwa karibu na Pangani na kuzaa mashamba yote yaliyofuata. Mmea wenyewe ulikuwa na tabia zilizoamua aina ya soko la kazi litakaloundwa kuuzunguka. Huvumilia ukame na huota kwenye ardhi isiyofaa kwa mazao mengi. Huanza kukatwa baada ya miaka mitatu hivi, kisha huendelea kukatwa kwa miaka kadhaa mpaka utoe mlingoti wa maua na kufa. Hauna msimu mmoja wa mavuno kama pamba au kahawa. Zaidi ya hayo, nyuzi zake, zinazojulikana kama singa, ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani, na jani lililokatwa halina budi kupita kwenye mashine mapema kabla halijakauka. Mwenye shamba aliyekwisha kununua mtambo na kutandika reli ndogo za kusombea majani hakuweza kuusimamisha mtambo huo miezi mitatu ili kuwangoja wakulima wamalize kupanda mahindi yao. Alihitaji watu mwaka mzima, kila siku, wengi, na wa bei nafuu.

Watu waliokuwa jirani hawakuwa tayari kumpa kazi ya namna hiyo. Wazigua, Wabondei na Wasambaa walikuwa na ardhi yenye mvua ya kutosha, walikuwa na soko la chakula mlangoni, na walitambua upesi kwamba kuuzia kambi za mashamba mahindi, ndizi na mihogo kulileta fedha bila kumweka mtu chini ya nyapara. Jaribio la kwanza la kuziba pengo hilo lilielekezwa ng'ambo ya bahari: mapema katika miaka ya 1890 kampuni za Kijerumani zilileta Wachina na Wajava kupitia Singapore ili wafanye kazi katika mashamba ya Usambara, lakini gharama zilikuwa kubwa, vifo vilikuwa vingi, na mpango huo ukaachwa. Ndipo macho yalipogeuzwa kutazama bara.

Kodi ya nyumba, iliyotangazwa na serikali ya Wajerumani mwaka 1897 kwa kiwango cha rupia 3 na kuanza kutozwa mwaka uliofuata, mara nyingi huelezwa kama njia ya kuwasukuma watu mashambani. Ndivyo ilivyokuwa, lakini kodi peke yake ilikuwa chombo butu, kwa sababu aliyekuwa na mbuzi, asali, nta au mazao ya kuuza aliilipa bila kuondoka kwake. Katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, serikali ilikwenda mbali zaidi: kuanzia mwaka 1907 hivi kila mwanamume mzima alipewa kadi, akatakiwa kumfanyia kazi mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne, na asiyekuwa na kadi iliyojazwa alikabiliwa na kazi ya lazima ya serikali. Kwa walowezi mpango huo uliwapatia watu wa karibu bila nauli na bila kambi. Kwa Wasambaa ulikuwa mzigo ambao kumbukumbu yake haikufutika hata baada ya Wajerumani kuondoka, na huenda ukasaidia kueleza kwa nini kizazi kilichofuata kilipendelea kazi yoyote kuliko ya shamba la mzungu.

Walioitikia kwa wingi na kwa hiari zaidi walikuwa Wanyamwezi, na pamoja nao Wasukuma. Hawa hawakufundishwa kazi ya ujira na wakoloni. Kwa miongo kadhaa kabla ya utawala wa Wajerumani vijana wa Unyamwezi walikuwa wapagazi katika misafara ya pembe za ndovu iliyokwenda pwani, walijua kupatana malipo kabla ya safari, walijua kugoma njiani pale posho ilipopunguzwa, na kwao safari ya kwenda pwani na kurudi ilikuwa sehemu ya makuzi ya mwanamume. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, biashara ya upagazi ikafa, na nguvu kazi iliyokuwa ikibeba mizigo ikahamia kujenga reli na kisha kukata mkonge. Wanyamwezi wa kwanza katika mashamba ya Tanga walikuwa, kwa hiyo, wafanyakazi wazoefu waliobadili kazi, si wakulima waliong'olewa makwao, na waajiri waliowatamani baadaye walisahau mara nyingi kwamba uzoefu huo ulijengwa na soko huria la misafara.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, chini ya Waingereza, mambo yalipangwa kisheria. Sheria ya mabwana na watumishi wenyeji ya mwaka 1923 ilitambua kwa vitendo aina mbili za wafanyakazi. Wa kwanza ni yule aliyeandikishwa kwao na wakala, akatia alama ya kidole kwenye mkataba mbele ya afisa wa serikali, akasafirishwa kwa gharama ya mwajiri na kufungwa na mkataba huo kwa muda uliotajwa; huyu ndiye aliyeitwa manamba. Wa pili ni yule aliyefika kwa miguu yake mwenyewe, akachagua shamba, akaingia na kutoka alipomaliza kadi yake. Serikali na waajiri waliandika sana kuhusu yule wa kwanza, kwa sababu ndiye aliyezaa majalada. Hata hivyo katika miaka mingi wa aina ya pili ndio waliokuwa wengi zaidi.

Kadi hiyo ilikuwa kipande, na haifai kukichanganya na kipande cha Kenya, kilichokuwa hati ya utambulisho ambayo Mwafrika alilazimika kuibeba, mara nyingi katika kikebe kilichoning'inia shingoni. Kipande cha Tanga kilikuwa karatasi yenye nafasi 30, kila nafasi ikiwa ni kazi moja iliyokamilika. Mkata mkonge alitoka kabla ya jua kali, akaingia kati ya mistari ya mimea, akakata majani ya chini moja baada ya lingine, akaondoa mwiba mkali wa ncha, akayafunga majani katika matita, kwa kawaida majani 30 kwa tita, kisha akayabeba begani hadi kwenye reli ndogo yaliposubiriwa na toroli. Nyapara alihesabu. Idadi ikitimia, nafasi moja ilijazwa; ikipungua, au tita likionekana kuwa na majani mafupi, siku hiyo haikuandikwa, ingawa jasho lilikuwa limekwisha kutoka na majani yalipelekwa mtamboni vilevile. Mshahara ulilipwa kadi ilipojaa, na kwa kuwa watu wengi walichukua zaidi ya mwezi kuijaza, mwezi wa mkonge haukulingana na mwezi wa kalenda. Waajiri walieleza kwamba mpango huo ulimpa mfanyakazi uhuru wa kupumzika apendapo. Maelezo hayo hayakuwa uongo mtupu, kwani watu walizithamini siku zao za mapumziko, lakini uhuru huo ulimwokoa mwajiri na gharama ya kumlipa mtu mgonjwa, mchovu au aliyefiwa.

Shamba la mkonge halikuwa kazi moja. Kulikuwa na kufyeka pori, kupanda na kupalilia. Kulikuwa na kukata. Kulikuwa na kazi za kiwandani, kwenye korona, yaani mashine yenye ngoma za vyuma zinazoponda jani huku maji yakiosha singa, kisha kuanika singa kwenye waya juani, kuzipiga brashi na kuzifunga marobota. Na kulikuwa na ufundi wa mitambo, udereva, uhasibu na ukarani. Ngazi ya juu walikuwa mameneja Wazungu. Mafundi na wahasibu wengi walikuwa Wahindi. Ukarani na unyapara ulikwenda kwa Waafrika waliosoma au waliokaa muda mrefu. Wenyeji walipoingia shambani walitafuta vibarua vya siku au kazi za kiwandani, na ukataji, uliokuwa mgumu kuliko zote na uliohitaji watu wengi kuliko zote, ukabaki kuwa kazi ya wageni. Waajiri walizoea kueleza mgawanyo huu kwa tabia za makabila, kwamba hawa wamezaliwa kukata na wale kufyeka, lakini ukiutazama kwa miaka mingi, waliokata ni daima wale waliotoka mbali zaidi na waliokuwa na njia chache zaidi za kupata fedha nyumbani, na mara kabila lilipopata njia hiyo, kipaji chake cha kukata mkonge kilitoweka.

Jambo hilo lilionekana wazi kadiri mazao ya biashara yalivyoenea. Wachagga na Wahaya waliokuwa na kahawa hawakuhesabiwa tena kama chanzo cha vibarua, na pamba ilipokua Usukuma, hasa baada ya mwaka 1945, Wasukuma nao walipungua mashambani Tanga. Mpaka wa kuandikisha watu ukasogezwa nje zaidi: Buha katika jimbo la Kigoma, Ubena na Njombe, Songea, na kuvuka mipaka hadi Ruanda-Urundi chini ya Wabelgiji na Msumbiji chini ya Wareno, ambako Wamakonde walikimbia kazi za lazima zilizokuwa kali kuliko mkonge. Mwanahistoria John Iliffe ameieleza Tanganyika ya wakati huo kama nchi iliyopangika kwa duara: katikati maeneo ya mazao ya kuuzwa nje, kuyazunguka maeneo yaliyouza chakula na mifugo kwa hayo ya kwanza, na pembezoni kabisa maeneo yasiyo na kitu cha kuuza ila watu wake. Hapo linafaa kuongezwa jambo moja: umbali huo ulikuwa faida kwa mwajiri. Mzigua aliyechoka angerudi kwake jioni. Muha aliyekuwa Korogwe alikuwa na zaidi ya kilomita 1,000 kati yake na shamba la mama yake.

Serikali haikuwa chombo cha waajiri tu, na ni haki kulisema hilo. Mwaka 1926, chini ya gavana Donald Cameron, iliundwa idara ya kazi ikiongozwa na Meja Granville Orde Browne, ambaye alitembelea njia zilizopitiwa na wafanyakazi na kutambua kwamba hasara kubwa ya nguvu kazi ilitokea barabarani kabla mtu hajafika shambani. Watu walitembea majuma kadhaa wakiwa na chakula kidogo, wakanywa maji machafu, wakafika wakiwa wagonjwa au hawakufika kabisa. Kwenye njia kuu idara ikaweka kambi ambamo msafiri aliweza kulala, kupika na kupata dawa, na hatua hiyo ndogo, iliyoheshimu watu waliokwisha kuamua kusafiri wenyewe, ilisaidia mashamba zaidi ya mawakala wengi wa kulipwa. Idara hiyo ilifutwa mwaka 1931 ili kubana matumizi, ikarudishwa baadaye uchumi ulipotengemaa.

Sababu ya kufutwa kwake ni mdororo wa uchumi wa dunia, na mdororo huo ulikuwa jaribio la wazi kuliko yote kuhusu madai ya uhaba. Bei ya mkonge ilipoanguka, mashamba yalipunguza watu na kushusha ujira, katika mashamba mengi kwa karibu nusu, lakini kodi ilibaki palepale na bei ya mazao ya wakulima ikaanguka pamoja na ya mkonge. Wafanyakazi hawakuadimika hata kidogo, walijaa milangoni. Waajiri walihitimisha kwamba ujira mdogo hauzuii watu kuja. Wakati huohuo nadharia iliyopendwa na maofisa wengi ilisema kwamba Mwafrika hufanya kazi mpaka apate kiasi alichokikusudia, cha kodi na nguo na labda mahari, kisha huondoka, kwa hiyo kumwongezea mshahara ni kumharakisha aondoke. Kwa mujibu wa nadharia hiyo ujira mdogo ulileta watu, na ujira mkubwa uliwafukuza. Ni vigumu kupata fundisho la uchumi lililomfaa mwenye shamba kuliko hilo.

Vita Kuu ya Pili iliondoa hata haja ya nadharia. Japani ilipoteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi mwaka 1942, Washirika walipoteza vyanzo vyao vikuu vya nyuzi ngumu za kamba za meli, na mkonge wa Afrika Mashariki ukawa mali ya kijeshi. Serikali ya Tanganyika iliruhusu watu washurutishwe kufanya kazi katika mashamba binafsi ya mkonge, mpira na pareto, na makumi ya maelfu walichukuliwa kupitia machifu wao. Wengi walitoroka. Aliyeshurutishwa alikata polepole, aliumwa mara kwa mara, na alikwenda kwao akiwa na habari ambazo wakala wa baadaye alilazimika kuzijibu.

Ili kusimama bila shuruti ya serikali, wenye mashamba waliunda mwaka 1944 shirika lao la pamoja la kuandikisha wafanyakazi wa mkonge, lililojulikana kila mahali kwa kifupi cha SILABU. Kabla ya hapo mashamba yalishindana, mawakala wakinyang'anyana watu na kuwaahidi yasiyotekelezeka. SILABU ilifanya kazi ya kupatanisha takwimu mbili: kila shamba lilieleza lilihitaji watu wangapi na wa kazi gani, na vituo vya uandikishaji vya Kigoma, nyanda za juu za kusini na Songea vilieleza vingeweza kupata wangapi. Aliyeandikishwa alipimwa afya, akapewa blanketi na posho ya safari, akapakiwa kwenye treni au lori, akapitia kambi, mashuhuri ikiwa ile ya Korogwe, na kutoka hapo akagawiwa shamba. Wake na watoto waliruhusiwa, hata wakahimizwa, kwa kuwa mwanamume aliyekuja na familia alikaa muda mrefu zaidi. Kama kazi ya upangaji, SILABU ilikuwa mfumo wa hali ya juu kwa wakati wake, wenye kumbukumbu, usafiri na ratiba. Ila kipimo kimoja kiliwekwa mapema na hakikujadiliwa kituoni, nacho ni ujira, kwa sababu waajiri waliokaa pamoja ndani ya shirika moja walikuwa pia wamekubaliana wasipandishiane bei.

Udhaifu wa mpango huo ulionekana kusini, ambako SILABU haikuwa mnunuzi pekee. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na machimbo ya dhahabu ya Lupa karibu nao, na ng'ambo ya mpaka kulikuwa na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Kisha likaja shirika la migodi ya Afrika Kusini, Wenela kwa jina la wenyeji, lililoandikisha vijana kwa ajili ya dhahabu ya Johannesburg. Vijana hao walikwenda mbali kuliko Tanga, wakashuka chini ya ardhi katika kazi yenye vifo, na wengi wao hawakuukaribia mkonge. Hawakuhitaji kusukumwa, walijua tofauti ya mishahara kwa undani ambao afisa wa wilaya angeuonea wivu.

Katika miaka ya 1950, bei ilipopanda kwa sababu ya vita vya Korea, Tanganyika ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mkonge duniani, na mashamba yake yaliajiri zaidi ya watu 100,000. Hapo ndipo vyama vya wafanyakazi vilipoingia. Mgomo wa shamba la Mazinde wa mwaka 1958 ulionyesha kwamba watu wa makabila mengi waliokusanywa na mawakala tofauti waliweza kusimama pamoja kwa majuma mengi, na chama cha wafanyakazi wa mkonge na mashamba kiliendelea kudai kipande kifutwe na mshahara uwe wa mwezi. Baada ya uhuru kamati iliyoongozwa na Donald Chesworth ilipendekeza kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima, nacho kikaanza kutumika mwaka 1963. Serikali mpya haikuwa laini kwa chama hicho, kwani mwezi Januari mwaka huohuo kiongozi wake, Victor Mkello, alipelekwa kuishi Sumbawanga kwa amri. Mishahara ilipanda, sauti ikabanwa.

Matokeo yake yalikuja kwa kasi ambayo haikutarajiwa na waandishi wa miaka sabini ya malalamiko. Wenye mashamba, wakiwa sasa wanamlipa kila mtu zaidi, waliwahitaji wachache na wakadai zaidi kutoka kwa kila mmoja. Waliobaki hawakuondoka baada ya kadi mbili tatu, bali waling'ang'ania kazi. Na mikoa ya jirani, iliyodharau mkonge tangu enzi za kadi ya Lushoto, ikaanza kuomba kazi hiyohiyo. Hapakuwa tena na sababu ya kumsafirisha mtu kutoka Kasulu. Katikati ya miaka ya 1960 SILABU ilikwisha kufunga vituo vyake, na ajira ya mkonge, ikikabiliwa pia na nyuzi za plastiki zilizovunja bei kuanzia mwaka 1964, ikapungua kwa zaidi ya nusu kabla muongo haujaisha. Wakati huohuo serikali iligeuzia hesabu za nguvu kazi upande mwingine: mpango wa miaka mitano wa mwaka 1964 ulikadiria nchi ingehitaji mainjinia, madaktari na walimu wangapi ili ijitosheleze kwa wataalamu ifikapo mwaka 1980, na wanafunzi wa chuo kikuu wakapewa ufadhili uliofungamanishwa na hesabu hizo.

Waliosahauliwa katika hesabu zote mbili ni waliokuwa tayari Tanga. Waha, Warundi, Wabena na Wamakonde wengi walikuwa wamezaa kambini, watoto wao wakasema Kiswahili tu, na makwao hakukuwa na shamba lililobaki likiwangoja. Mashamba mengi yalipotaifishwa mwaka 1967 na mengi yakaachwa pori katika miongo iliyofuata, familia hizo zilibaki katika nyumba za kambi, zikalima kati ya mistari ya mkonge uliozeeka kwenye ardhi ambayo hati yake ilikuwa ya kampuni au ya shirika la umma, na suala la nani hasa ana haki ya kugawiwa mashamba hayo, mwenyeji wa Korogwe aliyekataa kuyakata au mjukuu wa Muha aliyeletwa kuyakata, likawa ndilo lililozikabili serikali za vijiji na wilaya za mkoa huo mara mashamba yasiyoendelezwa yalipoanza kurudishwa kwa wananchi.